Nzi mwenye macho kwenye vijiti hapa Kidia, nitajuaje kama ni spishi mpya?

Bint_Kidia

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Nina swali na naomba mnijibu kwa uzito maana limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Niko Old Moshi, Kidia, nimerudi kukaa na bibi tangu mwezi wa kwanza. Chini ya kihamba chetu unapita mfongo, ule mfereji wa zamani waliouchimba mababu, na pembeni kuna magimbi na migomba imefunga kivuli muda wote hata jua la saa saba halifiki. Sasa jioni moja nimeenda kukata majani ya ng'ombe nikaona juu ya jani la gimbi vidudu vimetulia kama sita hivi, kwa mbali nikajua ni sisimizi wenye mabawa, nilivyoinama nkaona ni nzi ila macho yao hayapo kichwani. Yaani kichwa chenyewe ni kidogo tu halafu kila upande kimechomoza kijiti chembamba kama uti wa chelewa, na mwisho wa kijiti ndo kuna jicho, dogo, jekundu lililokolea kama kichwa cha kiberiti. Ukimwangalia kwa juu ni herufi T inayotembea. Mwili mzima hauzidi punje ya mchele sana.

Nikachuchumaa pale mpaka giza likaingia. Wawili walikuwa wanatazamana, wamesogeleana mpaka vile vijiti vya macho vikalingana, wakawa wananyanyua miguu ya mbele kama wanataka kushikana mabega, baada ya muda mmoja akaruka akahamia jani lingine. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile na nimekulia hapahapa!

Nilimuuliza bibi, akasema hao wapo toka yeye yuko msichana, ila hawana jina, ni "vinzi vya mfongo" tu. Nimetafuta kwenye simu sikuelewa kitu. Kwahiyo maswali yangu ni haya, mtu anajuaje kwamba mdudu aliyemuona ni mpya kabisa kwa sayansi na sio kwamba ni yeye tu ndo hakuwahi kumuona? Nani anaamua? Na kama kweli ni mpya, anaruhusiwa kupewa jina la bibi yangu? Nauliza kweli, naomba anayejua anieleze tangu mwanzo.

---

Mzee_Chekereni

Marahaba binti. Nikutoe wasiwasi kidogo na pengine nikuvunje moyo kidogo, hao nzi sisi wakulima wa mpunga huku tambarare tunawafahamu miaka mingi. Ukipita kwenye majaruba ya Mabogini au huku Chekereni asubuhi na mapema mpunga ukiwa bado mdogo utawakuta wamekaa kwenye majani, macho nje hivyohivyo. Mtu mzima wake hana shida, tatizo ni mtoto wake, yule funza anaingia ndani ya shina anakula katikati, halafu lile jani la kati linakauka huku mengine bado ni ya kijani. Ukilivuta linachomoka lenyewe bila nguvu, na chini ukilinusa limeoza. Bwana shamba alituambia jina lake ni Diopsis.

Ila nakiri sijui kama wa kwako huko juu ndo haohao wa huku chini. Huku kuna joto na jua kali, huko ni kivuli na baridi. Mbuzi na swala wote wana pembe.

---

Wadudu_Tengeru

Dada Bint_Kidia, umeuliza swali zuri sana na hivi ulivyowaeleza ni bora kuliko maelezo mengi ninayoletewa. Mimi nasomea wadudu huku Tengeru na nzi ndo kazi yangu ya kila siku, ngoja nijitahidi, itakuwa ndefu kidogo.

Kwanza mzee wangu wa Chekereni yuko sahihi kuhusu ukoo. Hao ni familia ya Diopsidae. Lakini usiishie kwenye macho, maana wapo nzi wa familia nyingine kabisa ambao nao wana macho kwenye vijiti. Cha kuangalia ni vipapasio, zile pembe ndogo mbili. Kwa Diopsidae vipapasio vimehama na macho, viko huko mbali kwenye kijiti jirani na jicho. Kwa wale wengine macho yameenda mbali ila vipapasio vimebaki katikati ya uso. Halafu angalia mapaja ya miguu ya mbele kama yamevimba, na mgongoni pale mabawa yanapoanzia angalia kama kuna miiba imechongoka kuelekea nyuma. Ukiona hivyo vyote basi familia umeshaipata, kwa lenzi ya kawaida tu wanayotumia mafundi saa.

Kingine kitakufurahisha, hawazaliwi wakiwa hivyo. Anapotoka kwenye pupa, lile ganda funza anamogeukia kuwa nzi, vijiti ni vifupi na laini, anajaza hewa kichwani vinarefuka taratibu, halafu vinakauka na kuwa vigumu vikiwa hivyohivyo mpaka atakapokufa. Na ule mchezo uliouona wa kutazamana ni madume wanapimana, kwa spishi kadhaa zilizochunguzwa mwenye macho yaliyokaa karibu ndo huondoka, wanamaliza ugomvi kwa kupimana tu. Sasa umeona kwa macho yako kitu ambacho watu wanalipa nauli ya ndege kukiona.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Upya hauko kwa mdudu, dada. Mdudu wako yupo miaka na miaka, bibi ameshakuambia. Upya uko kwenye maandishi, yaani ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza na kumpa jina kwa utaratibu unaokubalika. Utaratibu wenyewe wa majina ya wanyama unahesabiwa kuanzia mwaka 1758, kitabu cha Linnaeus, yule Mswidi, na hiyo jenasi ya Diopsis, yaani kundi la spishi za karibu, alikuja kuiandika yeye mwenyewe mwaka 1775. Tangu hapo nzi walioshapewa majina dunia nzima ni zaidi ya 150,000, na humo wamo mbu, usubi, ndorobo, wote hao ni nzi kwasababu wana mabawa mawili tu, yale mengine mawili yamegeuka virungu vidogo vya kuwasaidia wasipepesuke hewani. Kwahiyo kusema huyu ni mpya maana yake unasema nimemlinganisha na wenzake wote wa jenasi yake waliowahi kuandikwa na hafanani na yeyote. Hiyo ndo kazi yenyewe, kulinganisha. Kumuona ni dakika moja, kulinganisha inaweza kuwa miaka.

Tunalinganisha nini? Mishipa ya bawa imepitaje na doa liko wapi, nywele za kichwani ziko ngapi na zimelala upande gani, rangi ya miguu, urefu wa kijiti ukigawanya kwa urefu wa mwili. Ila kwa nzi wengi mwisho wa ubishi ni viungo vya uzazi vya dume. Unakata ncha ya tumbo, unailoweka kwenye potasiamu hidroksaidi nyama yote inayeyuka inabaki ile ngozi ngumu, unaisafisha, unaiweka kwenye tone la gliserini chini ya hadubini, ndo unaona vindoano na vibanio ambavyo kila spishi ina vyake. Nzi wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili unakuta kule nyuma mmoja ana kindoano kimepinda na mwingine kimenyooka. Mara ya kwanza kuona hiyo kitu nilikaa pale kwenye hadubini mpaka walinzi wakaja kufunga.

Ukishajiridhisha unachagua mmoja anakuwa shahidi wa jina, wanamuita holotaipu, anatunzwa makumbusho milele na yeyote mwenye mashaka anaenda kumwangalia yeye, sio picha. Unaandika maelezo na michoro, unachapisha kwenye jarida, hapo ndo jina linakuwa hai. Hakuna kamati inayokaa kuamua dada, ni kanuni tu, na wenzako watakaosoma ndo watakubali au watapinga.

Na bibi anaweza kupewa jina, tena kwa heshima zote! Kama ni mwanamke jina linaishia na -ae, kama ni mwanaume linaishia na -i. Ndorobo wa Tarangire na Serengeti anaitwa Glossina swynnertoni, aliandikwa 1923, ni jina la Swynnerton aliyekuwa akiongoza idara ya wanyamapori enzi za Tanganyika na kupambana na ndorobo Shinyanga. Na kule Australia kuna nzi mwenye tumbo la dhahabu aliitwa beyonceae mwaka 2011, ni Beyoncé huyuhuyu mwanamuziki. Ila zingatia, yule nzi alikamatwa 1981. Alikaa kwenye sanduku la makumbusho miaka thelathini akisubiri mtu wa kumwangalia.

Naomba sasa nikuambie jambo ambalo ningeambiwa mapema lingeniokoa. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya nzi Siha wiki tatu, mvua yote juu yangu, nikajaza vichupa vyenye spiriti na kila kichupa nikaweka kikaratasi nimeandika kwa peni ya kawaida. Nimefika chuoni, nafungua boksi, spiriti yote imekuwa rangi ya bluu na vikaratasi ni vyeupe kabisa. Nzi wapo, wazima, wazuri, na hawana thamani tena maana siwezi kusema yupi alitoka mtoni na yupi alitoka kwenye kahawa. Msimamizi wangu hakunigombeza, aliangalia tu akasema rudia. Andika kwa PENSELI. Mahali, tarehe, mwinuko, alikuwa amekaa juu ya nini, nani amemkamata. Nzi bila lebo ni uchafu kwenye chupa, hata angekuwa mpya kiasi gani.

---

Bint_Kidia

Aisee kaka Wadudu_Tengeru Mungu akubariki, nimesoma mara tatu, nimemsomea na bibi akacheka sana aliposikia habari ya jina lake. Mzee Chekereni asante pia baba, hujanivunja moyo hata kidogo.

Nimeenda leo na lenzi ya kusomea ya babu, na NI KWELI vile vipapasio viko kule kwenye kijiti, karibu kabisa na jicho! Miiba mgongoni ipo pia, nimeona miwili mirefu. Mapaja ya mbele yamevimba kama ya panzi.

Sasa nimebaki na moja. Umesema kulinganisha na wote waliowahi kuandikwa. Hao wa kulinganisha wako wapi? Wako Arusha? Na kuna uwezekano gani kweli wa kitu kipya kupatikana mahali kama hapa ambapo watu tumejaa, si wangekuwa wameshamaliza? Nilidhani vitu vipya vinapatikana kule msituni hakuna mtu anaishi.

---

Wadudu_Tengeru

Hilo la msituni ni la kulitoa kichwani kabisa. Mwaka 2015 kuna wataalamu walichapisha nzi wapya 30 kwa mpigo, wote jenasi moja ya Megaselia, vinzi vidogo vyenye mgongo wa kibiongo, na walivipata Los Angeles mjini kabisa kwa kutega mitego kwenye nyua za nyumba za watu! Watu wanapaki magari na kuchoma nyama pembeni ya mtego. Kama mji wa Marekani wenye vyuo vyote vile haukuwa umemalizwa, kihamba cha bibi yako nani alishakaa akakimaliza?

Shida ya nzi ni udogo. Ndege mpya kumkosa ni ngumu, nzi wa milimita mbili anaishi na wewe maisha yote. Mmoja wa walio wadogo kuliko wote aliandikwa 2012 kutoka Thailand, hafiki nusu milimita.

Na hili la wapi walipo wa kulinganisha linaniuma, nakuambia ukweli. Mwaka 1905 na 1906 alikuja huku Mswidi mmoja, Sjöstedt, na msafara wake, wakakusanya wadudu na wanyama Kilimanjaro, Meru na nyika za Umasaini, kambi yake kubwa ikiwa Kibong'oto, wao waliandika Kibonoto. Vitabu vya matokeo vilitoka mpaka 1910. Kwahiyo kuna spishi nyingi sana ambazo kwenye maandishi rasmi mahali pake pa asili duniani ni "Kibonoto", na mashahidi wenyewe wamechomekwa pini Stockholm. Mtu wa Sanya Juu akitaka kujua kama mdudu wa nyuma ya nyumba yake ni yuleyule aliyepatikana pale, inabidi aulize Sweden. Wengine wako London, wengine Tervuren kule Ubelgiji, wengine Berlin.

Sisemi wameiba wala sitaki tugombane hapa, bila wao kuwatunza pengine wangeliwa na mende na ukungu. Wanapiga picha nzuri siku hizi na ukiwaandikia kwa adabu wanajibu. Ila natamani sana shahidi wa spishi inayofuata kutoka mlimani abaki nchini, sanduku lake lifungwe vizuri, na mtoto wa Kidia aende kumuona kwa nauli ya daladala.

---

Dada_Insektari

Naomba nichangie kidogo, mimi nimefanya kazi na mbu hapa Moshi miaka sita. Kaka wa Tengeru amesema mwisho wa ubishi ni viungo vya dume, kwa nzi wengi sawa, ila sisi kwa mbu hata hivyo havitoshi.

Kwa macho wote ni Anopheles gambiae, mbu wa malaria. Unamlaza chini ya hadubini, mabawa yana madoa yaleyale, miguu ina pete zilezile, kila kitu. Lakini ni spishi kadhaa tofauti zimejificha ndani ya sura moja, na waliligundua hilo walipozalisha wa huku na wa kule wakaona madume wanaozaliwa ni tasa. Mmojawapo ndo huyu arabiensis wetu wa mashamba ya mpunga ya Lower Moshi. Tunavyomtambua ni kwamba unamchomoa mguu mmoja kwa kibanio, mguu mmoja tu, unautia kwenye kichupa kidogo kama kofia ya peni, unaenda kupimwa DNA. Mbu mwenyewe anabaki kwenye boksi na namba yake, na namba kwenye kichupa cha mguu lazima iwe hiyohiyo, ukikosea moja tu ubao mzima wa vichupa umeharibika. Kwa siku unakata miguu mia na zaidi mpaka macho yanaona miguu usingizini.

Na msidhani ni mambo ya majina tu ya wasomi. Arabiensis anapenda ng'ombe pia na anauma sana nje jioni watu wakiwa bado wamekaa uani, kwahiyo chandarua hakimpati kama kinavyompata gambiae mwenyewe ambaye anafuata watu ndani. Mkiwaita wote jina moja mtanunua dawa mpulizie ukutani halafu mbu wenu yuko bandani. Kuna watu wanapona au wanakufa kwasababu mtu aliweza au alishindwa kutenganisha wadudu wawili wanaofanana.

Kwa nzi wa kawaida hiyo ya DNA nayo ipo, tangu 2003 kuna Mkanada anaitwa Hebert alipendekeza watu wasome kipande kimoja kilekile cha jeni inaitwa COI, herufi 650 hivi, kwa kila mnyama, iwe kama ile misitari ya bei kwenye bidhaa ya dukani. Inasaidia sana kukuambia hawa wako makundi mawili, ila haikuambii jina kama hakuna aliyeshaweka wa kulinganisha. Tunarudi palepale pa lebo na sanduku.

---

Maembe_USA_River

Nimefuatilia huu uzi toka jana, niseme na mimi kama mkulima, maana haya mambo ya majina yametugusa mfukoni.

Nina miembe huku USA River, na kaka yangu ana ya kwake Kahe. Kuanzia 2003 alionekana nzi wa matunda mgeni huku Afrika Mashariki, wa rangi ya manjano na nyeusi, anatoboa embe likiwa bado gumu, kwa nje unaona kitobo kama cha sindano tu na tone la utomvu, ukikata ndani ni funza watupu. Wataalamu wakasema huyu ni mpya, 2005 wakampa jina Bactrocera invadens, mvamizi. Tukajifunza jina, likaandikwa kwenye vipeperushi, wanunuzi wa nje wakalijua. Halafu 2015 tunaambiwa jina limefutwa, ni Bactrocera dorsalis wa Asia yuleyule ambaye alishaandikwa tangu 1912!

Mimi nilikasirika wakati ule, niseme ukweli. Nikaona wanatuchezea. Nilishawahi kupeleka chupa ya nzi niliowakamata kwenye ofisi moja, nikaambiwa acha hapo dirishani tutaangalia, nimerudi baada ya miezi miwili chupa ipo palepale imekauka, hakuna aliyeigusa. Kwahiyo niliposikia jina limebadilika nikasema basi hawa hawajui kitu.

Ila kuna mtafiti alikuja na wenzake kufundisha mitego akatueleza vizuri nikaelewa. Akasema waliwazalisha pamoja wakazaa watoto wazima wasio na shida, wakalinganisha maumbile, DNA, hata kemikali wanazovutana nazo, wakakuta ni kitu kimoja, na kanuni ni kwamba jina la kwanza ndo linashinda. Na faida kwetu ni kwamba akiwa ni yuleyule, basi yote ambayo Waasia wameshajifunza miaka mia kuhusu kumdhibiti yanatuhusu moja kwa moja, hatuanzi sifuri. Hapo nikatulia.

Mtego wenyewe ni chupa ya maji ya lita moja unatoboa matundu pembeni, ndani unaning'iniza pamba yenye methili eujenoli na dawa kidogo ya kuua, madume wanaifuata hiyo harufu kama wamelogwa. Siku ya kwanza nilihesabu mpaka nikachoka. Na bado napeleka sampuli, siku hizi napeleka Ngaramtoni kwa wanaohusika na afya ya mimea, lakini sasa naziandika lebo kabla sijatoka nyumbani.

Binti usikate tamaa hata wakikuambia sio mpya. Kujua kwamba sio mpya nayo ni kujua.

---

Wadudu_Tengeru

Kaka Maembe umemaliza vizuri kuliko mimi. Ile ya dirishani imeniuma, samahani kwa niaba ya wote tunaofanya hii kazi.

Dada, kwa vitendo sasa. Kihamba ni chenu, kuangalia na kupiga picha hakuna anayekuzuia. Ila usivuke kwenda kukamata ndani ya hifadhi ya mlima bila kibali, huko kuna taratibu za TANAPA, watu wa hifadhi za taifa, na TAWIRI, watafiti wa wanyamapori pale Njiro, na utafiti rasmi unapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kupeleka sampuli nje ya nchi ndo kabisa usijaribu mwenyewe. Anza na picha, ya juu, ya ubavuni, na ya bawa likiwa limenyooka, weka kando yake rula. Unaweza kuzipandisha iNaturalist, ule mtandao wa picha za viumbe, wapo wataalamu wa nzi duniani wanapitia humo usiku na mchana. Halafu kamata wachache tu, madume na majike, watano au sita wanatosha, waweke kwenye friza ya jirani nusu saa walale moja kwa moja, kisha spiriti kali kwa ajili ya DNA. Nikishuka Moshi mwezi ujao nitawapitia mwenyewe hapo stendi kama utaniruhusu.

Na kama una muda kaa tena pale jioni. Hesabu. Andika wanakaa upande gani wa jani, wanakuja saa ngapi, mvua ikinyesha wanaenda wapi. Kuna nzi mmoja Kenya, wa manyoya mwili mzima na mabawa yasiyoruka, alipatikana kwenye ufa wa mwamba mmoja kilima cha Ukasi njia ya kwenda Garissa, funza wake wanakula mavi ya popo. Amewekewa familia yake peke yake. Alipatikana 1933, akaonekana tena 1948, halafu kimya mpaka 2010 watu waliporudi kwenye ufa uleule na kumkuta. Miaka sitini na zaidi hakuna aliyeripoti kumuona tena, na kijiji kipo pale chini.

---

Mzee_Chekereni

Kijana wa Tengeru ukishuka nipigie basi na mimi, nitakuwekea wa kwangu wa kwenye mpunga kwenye kichupa, ulinganishe wa juu na wa chini. Penseli ninayo.

---

Bint_Kidia

Nimefanya. Bibi alinisindikiza na taa, akakaa kwenye jiwe la kufulia akawa ananitajia saa.

Walianza kuja kumi na moja na nusu, wa kwanza mmoja, mpaka kumi na mbili na dakika ishirini walikuwa kumi na nne. Wote chini ya jani, sio juu, siku ile ya kwanza nadhani niliwaona juu kwasababu ilikuwa imetoka kunyesha. Wenye vijiti virefu ni wanne, hao ndo wanagombana, waliobaki vijiti ni vifupi kidogo na wana matumbo manene nadhani ni majike. Kila bawa lina doa moja la moshi karibu na ncha. Mmoja alikuwa amesimama kwenye tone la maji anajipangusa jicho kwa mguu wa mbele, anauvuta kijiti chote mpaka mwisho taratibu kama mtu anayefuta kioo cha taa.

Nimekamata sita. Bibi ndo aliyenikatia vikaratasi kwenye daftari la kikoba, nimeandika kwa penseli kaka kama ulivyosema, na nimeandika hivi kwa kila kichupa, kama kuna kilichopungua niambieni kabla sijafunga:

Tanzania, Kilimanjaro, Old Moshi, Kidia. Pembeni ya mfongo, chini ya jani la gimbi, kivuli. Mwinuko mita 1,430 kwa simu. Saa 12:20 jioni, mvua imekatika saa moja kabla. Wamekamatwa kwa mkono na mjukuu, bibi akiwa ameshika taa.